Kuungana tena ndiyo kazi: mtandao wa redio kwenye migongo ya Kibosho

Nikipanda Kibosho, kwenye mteremko wa Kilimanjaro, msimu wa kahawa, swali la kwanza ninaloulizwa ni hili: mtandao ukikatika inakuwaje? Ni swali la haki. Mvua ikikaza mlimani kila kitu hukatika, umeme ukiwa wa kwanza. Ila miaka hii yote swali lililonishughulisha mimi ni la upande wa pili: mtandao ukirudi, inakuwaje? Pande mbili zilizokuwa hazisikilizani tangu asubuhi, kila upande ukiwa umeendelea na kazi yake, zikisikiana tena saa kumi jioni, nani anamwambia nani nini?

Mimi ni fundi wa mitandao, naishi Majengo hapa Moshi. Kuna chama kimoja cha msingi cha wakulima wa kahawa, jina lake nitaliacha, chenye vituo vitatu vya kupokelea kahawa mbivu huko Kibosho, tunavyoviita Juu, Kati na Ng'ambo, na mtandao wao nauhudumia mimi. Anayeijua ile ardhi anajua shida yake. Mito inashuka kutoka msituni kwenda tambarare na imechimba makorongo marefu, na kati ya korongo na korongo kuna mgongo wa ardhi wenye vihamba, migomba, kahawa na makanisa. Barabara zinafuata migongo. Ukisimama kituo cha Juu unaliona bati la kituo cha Ng'ambo, lakini kwa pikipiki lazima ushuke mpaka karibu na barabara kuu ya Arusha, kisha uanze kupanda upya. Mawimbi ya redio hayazunguki. Yanavuka korongo moja kwa moja.

Kwa hiyo kila kituo kina bomba la chuma juu ya paa, antena, paneli ya sola, beteri, na tableti moja mezani pembeni ya mzani. Kituo cha Kati kinawasikia wenzake wote wawili. Juu na Ng'ambo wanasikiana kwa shida, kupitia mwanya kati ya migrevilea mikubwa. Makarani wawili wana tableti zao wanazotembea nazo kwa wazee wasioweza kubeba magunia mpaka kituoni. Hakuna mnara, hakuna seva. Kila redio inabeba ujumbe wake na wa wenzake, na anayepata intaneti kwanza siku hiyo ndiye anayepeleka hesabu za wote mjini.

Nimewahi kuulizwa kwa nini tusingetumia tu laini za simu na programu ya kwenye intaneti. Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika kusini mwa Afrika na nchi nzima ikawa inavuta intaneti kwa tabu, nilikuwa Kibosho nikikagua vifaa kabla ya msimu. Redio zetu ziliongea kama kawaida. Kilo za kahawa zinazotoka mgongo mmoja kwenda mwingine hazina sababu ya kupitia bahari ya Hindi.

Tuanze na kugawanyika, maana hapo mambo ni mepesi kidogo. Redio haijui kugawanyika ni kitu gani. Inachojua ni kimya. Vifaa hivi hujuliana hali muda wote: katika itifaki ya OLSR, yaani kanuni za vifaa kuongea, iliyoandikwa kwenye waraka RFC 3626 wa mwaka 2003 (RFC ni nyaraka za kanuni za intaneti), salamu hutoka kila sekunde 2, na jirani asiyesikika kwa sekunde 6 anatolewa kwenye orodha. Sisi tunatumia Babel, kazi ya Juliusz Chroboczek wa Paris, ambayo toleo lake la sasa ni RFC 8966 la mwaka 2021, na salamu zake kwa kawaida ni za kila sekunde 4. Salamu zikikosekana, redio ya Kati haina namna ya kujua kama kituo cha Juu kimezimika, au bomba limeanguka, au kiko hai kabisa na foleni ya watu iko mlangoni ila majani ya mgrevilea yamelowa na yanameza mawimbi. Kwa Kati hayo yote yana sura moja. Mtu akiniletea programu inayoandika kwamba kituo fulani kimekufa, namwuliza imejuaje.

Kinachofuata baada ya kimya kina hatari yake. Tuseme njia ya kwenda Juu imekatika. Kati anaifuta. Lakini Ng'ambo, ambaye huwa anafika Juu kwa kupitia Kati, bado anatangaza kwamba anaijua njia. Kati anasikia, anaamini, anampelekea Ng'ambo ujumbe wa Juu, Ng'ambo anaurudisha kwa Kati, na wanarushiana hivyo hivyo huku umbali wa njia hiyo hewa, unaohesabiwa kwa idadi ya vifaa vya kupitia, ukipanda moja moja. Itifaki ya zamani ya RIP ilikuwa inasubiri umbali ufike 16 ndipo ikubali kwamba njia haipo.

Dawa yake ilitolewa na Charles Perkins na Pravin Bhagwat mwaka 1994 katika itifaki yao ya DSDV, na mpaka leo naiona kuwa wazo zuri kuliko yote katika fani hii. Kila nodi, yaani kila kifaa cha mtandao, inatangaza habari zake ikiwa na namba ya mfululizo, na namba hiyo huwa shufwa: 100, 102, 104. Nodi nyingine ikigundua kwamba imempoteza mwenzake, inatangaza njia imekufa kwa kuongeza moja tu, yaani 105, namba witiri. Tangazo hilo linazifuta habari zote za 104 na za nyuma, popote zilipo. Hakuna wa kuambiana uzushi, maana uzushi wote una namba ya zamani. Na siku mwenye habari akirudi, anajitangaza mwenyewe kwa 106, na 106 inaishinda 105 bila mjadala. Mtu mwingine anaweza kusema umepotea, lakini kusema upo ni haki yako peke yako. Babel ina utaratibu wa aina hiyo: mwenye anwani ndiye pekee anayeruhusiwa kupandisha namba yake, na redio inakataa njia ambayo ingeweza kuirudisha ilikotoka.

Nimelikalia hilo kwa sababu karibu kila kitu kizuri nilichokutana nacho katika kuunganisha vipande vya mtandao kina umbo hilo. Mpe kila upande kitu ambacho ni chake peke yake kabla hawajaachana, na siku wakikutana hawatahitaji kutafuta bwana mkubwa wa kuamua.

Sasa kuungana. Kunaanzia chini kabisa, kwenye mawimbi yenyewe. Waifai ya kawaida ikiwekwa katika hali ya ad-hoc, bila kituo kikuu, kifaa cha kwanza kuwaka hujichagulia kitambulisho cha biti 46 za bahati nasibu kwa ajili ya kundi lake. Vifaa viwili vikiwashwa asubuhi bila kusikiana, vyote vikiwa na jina lile lile la mtandao ulilowapa, vinaanzisha makundi mawili yenye vitambulisho viwili. Baadaye mawimbi yakifunguka, kila kimoja kinamwona mwenzake lakini hakimhesabu kuwa wake. Kanuni ya IEEE 802.11 inasema hivi: kila kundi lina saa inayohesabu maikrosekunde tangu lilipoanza, na matangazo yanayotoka karibu mara kumi kwa sekunde huibeba saa hiyo. Ukisikia tangazo lenye jina lako na saa iliyotangulia yako, unaacha kitambulisho chako na kuchukua chake. Kundi lenye umri mkubwa linalimeza dogo.

Naipenda kanuni hiyo kwa sababu haiulizi nani ni sahihi. Pale hakuna usahihi wa kutafuta, kitambulisho chochote kinafaa mradi kiwe kimoja, na umri ni kipimo ambacho pande zote mbili zitakisoma sawasawa. Tatizo lilikuwa kwenye vifaa vyenyewe. Programu za kuendeshea kadi za waifai kwa miaka mingi zilikuwa zinaikosea hatua hiyo, na mitandao ya waifai inayojengwa na wananchi wenyewe, kama Freifunk ya Ujerumani, ikaona bora kuviandikia vifaa vyote kitambulisho kimoja kwa mkono, kile maarufu cha 02:CA:FF:EE:BA:BE, ili kusiwe na cha kuungana kabisa. Nami nilifanya hivyo hivyo kwenye redio zetu za kwanza, na mtandao ukatulia.

Ukipanda ngazi moja unakuta anwani, namba ambayo kila kifaa hutafutwa nayo mtandaoni. Kompyuta isiyo na wa kuigawia anwani inaweza kujichukulia yenyewe katika fungu la 169.254, kwa utaratibu wa RFC 3927 wa mwaka 2005. Zipo anwani 65,024. Inachagua moja kwa bahati, inauliza kwa sauti kama kuna mwenye nayo, na kukiwa kimya inaichukua. Utaona tatizo lilipo: kimya kinaweza kuwa ni cha mwenye anwani hiyo aliye ng'ambo ya korongo. Na usijifariji kwa wingi wa hizo anwani. Vifaa vikifika kama 300 vilivyochagua bila kuulizana, uwezekano wa wawili kugongana unafika nusu kwa nusu. Waandishi wa waraka wenyewe walilijua hilo: ukigundua mwenye anwani kama yako unaruhusiwa kuitetea mara moja, na mgongano mwingine ukitokea ndani ya sekunde 10, unaiachia na kutafuta nyingine. Ila kila mazungumzo yaliyokuwa yanaendelea kwenye anwani ile yanakufa hapo.

Mwaka 2002 zilitoka kazi mbili ambazo ningependa kila mwanafunzi wa mitandao chuoni pale Tengeru azisome sambamba. Ya kwanza ni ya Sanket Nesargi na Ravi Prakash wa Texas, MANETconf. Mgeni hapewi anwani mpaka nodi zote zilizopo zikubali. Mtandao ukigawanyika, wasiojibu wanahesabiwa wameondoka na anwani zao zinarudi kwenye fungu. Kila kipande kina alama yake, na wawili wenye alama tofauti wakikutana wanajua papo hapo kwamba huu ni muungano, wanabadilishana orodha za anwani na kuwatafuta wanaogongana. Ya pili ni ya Nitin Vaidya. Yeye alisema tuache kuhangaika kuhakikisha anwani hazifanani. Kila nodi iwe na ufunguo wake, namba ya pekee inayosafiri pamoja na anwani kwenye habari za njia. Hata wawili wakiwa na anwani moja, pakiti, yaani kipande cha ujumbe, iliyokuwa inakwenda kwa fulani iendelee kwenda kwa huyo huyo.

Moyo wangu uko kwa Vaidya. Ile ya kwanza ni nadhifu, lakini inataka watu wote waitike, na kwenye mlima wenye beteri zinazoisha saa mbili usiku kuitikiwa na wote ni bahati. Kwenye vituo vyetu nimekwenda na njia nyepesi zaidi ya roho ile ile: anwani za ndani za IPv6, mfumo mpya wa anwani wenye namba ndefu zaidi, za RFC 4193, ambazo kila mtandao hujichagulia biti 40 za bahati. Hizo ni zaidi ya trilioni 1. Mitandao miwili iliyozaliwa mbalimbali ikikutana, kugongana ni jambo ambalo sitaliona maishani mwangu.

Haya yote bado ni mifereji ya kupitishia ujumbe. Mkulima hana habari na anwani. Yeye ana kilo zake.

Msimu wangu wa kwanza pale, karani mkuu, mzee aliyekwisha kukaa na vitabu vya chama tangu mimi sijazaliwa, alinikalisha na kuniuliza, "Mwanangu, mkulima akileta debe Juu asubuhi na debe Ng'ambo jioni, na hizo redio zako hazikuongea kutwa nzima, kitabu changu kitasemaje?" Nilimwambia, "Shikamoo kwanza mzee, maana hilo ndilo swali lenyewe." Tulikaa mpaka chai ikapoa.

Fikiria msiba. Daftari moja la rambirambi liko nyumbani Kibosho, jingine analo binamu anayekusanya Dar es Salaam. Kama kila mmoja anaandika jumla tu, Kibosho laki nane, Dar milioni moja na nusu, siku ya kikao hamwezi kuzijumlisha kwa uhakika, kwa sababu shangazi aliyetuma kwa simu ameandikwa huku na huku. Lakini kama kila mchango una mstari wake, jina, kiasi, na namba ya muamala, mnaweka madaftari mezani, mistari inayofanana mnaihesabu mara moja, na jumla inajitokeza yenyewe. Mnaweza kuyasoma kwa kuanza na lolote. Mnaweza hata kulirudia lile la kwanza baada ya lile la pili na jibu halitabadilika.

Wanasayansi wa kompyuta wameliandikia jambo hilo vizuri. Mwaka 2011 Marc Shapiro, Nuno Preguiça, Carlos Baquero na Marek Zawirski walionyesha kwamba data ikijengwa ili kuunganisha kwake kusijali mpangilio, kusijali kurudiwa, na kusijali nani ameunganishwa na nani kwanza, basi nakala zote zilizopata habari zile zile zitafikia hali moja bila kupiga kura na bila kiongozi. Wanaziita CRDT. Kwenye tableti zetu hakuna mahali palipoandikwa "jumla ya kilo za fulani" kama kitu kinachohifadhiwa. Kuna mistari ya mizani: kituo gani, mstari wa ngapi wa kituo hicho, mkulima nani, kilo ngapi. Kituo cha Juu ndicho pekee kinachoandika mistari ya Juu. Jumla inapigwa kila unapofungua ukurasa.

Mstari haufutwi. Karani akiandika 48 badala ya 84, anaongeza mstari wa marekebisho unaoutaja ule wa kwanza. Mzee wangu alicheka kwa furaha nilipomweleza, kwa sababu hivyo ndivyo alivyofundishwa uhasibu: huchani ukurasa, unaandika sahihisho. Kwa mtandao uliogawanyika hili ni la lazima. Ukifuta mstari upande mmoja, upande mwingine bado unao, na mkikutana utarudi kama mpya, bila mtu yeyote kujua kwamba uliwahi kufutwa.

Namba za wanachama nazo zilitaka utaratibu huo. Juu wakimwandikisha mwanachama wa 413 siku moja na Ng'ambo wakamwandikisha wao wa 413 siku hiyo hiyo, mna watu wawili ndani ya kitabu kimoja. Sasa namba zinaanza na herufi ya kituo, J, K au N. Ni jambo dogo mno, na limeondoa ugomvi mwingi.

Si kila kitu kinakubali kujumlishwa. Namba ya simu ya mkulima ni moja. Amebadilisha laini, Juu wameandika mpya. Siku hiyo hiyo mtoto wake amepita Ng'ambo na kuandika yake. Programu nyingi huchukua iliyoandikwa mwisho kwa saa. Kwenye mlima sikubali hilo. Tableti iliyokaa siku mbili bila chaji inaamka na saa ya mwaka mwingine kabisa, na mwenye saa mbovu iliyokwenda mbele atawashinda wenzake kila mara. Leslie Lamport alieleza tangu 1978 kwamba katika mifumo ya namna hii unachoweza kukijua kwa hakika ni lipi lilitokana na lipi, na kwamba kuna matukio mawili ambayo hakuna la kwanza wala la pili kati yao. Mwaka 1983 kikundi cha chuo kikuu cha UCLA, California, kikaonyesha njia ya kuyatambua: kila rekodi ibebe idadi ya mabadiliko kutoka kila kituo. Rekodi yenye Juu 3, Ng'ambo 1 na nyingine yenye Juu 2, Ng'ambo 2 zimeandikwa bila kuonana. Tableti zetu zikikuta hivyo zinaonyesha zote mbili kwa karani, naye anampigia mkulima. Sitaki mashine ikisie simu ya mtu ambayo malipo yake yanapitia.

Maabara ya Xerox kule California iliyafanya haya mwaka 1995 kwa mfumo wao wa Bayou, tena kwa jambo la ofisini tu, kupanga chumba cha mkutano kwa kompyuta za kubebeka zinazokutana na kuachana. Kila ombi lilibeba ndani yake maelekezo ya nini kifanyike likikuta chumba kimeshachukuliwa, na lilibaki la muda mpaka nakala kuu ilithibitishe.

Hapo tunafika kwenye fedha, ambako msimamo wangu unageuka. Eric Brewer alisema mwaka 2000, na Seth Gilbert na Nancy Lynch wakathibitisha kihesabu mwaka 2002, kwamba mtandao ukigawanyika huna budi kuchagua: ama pande zote ziendelee kujibu na zikubali kutofautiana kwa muda, ama upande mmoja ukatae kujibu ili jibu libaki moja. Mifumo inayochagua kiongozi kwa wingi wa kura, kama Raft ya 2014, inakwenda na chaguo la pili. Kwa vituo vitatu maana yake ni kwamba Juu akitengwa na wenzake, yuko peke yake dhidi ya wawili, hivyo anafunga. Hebu nenda kamwambie mama aliyebeba kahawa kichwani tangu alfajiri kwamba mzani haupimi kwa sababu kituo hakikupata kura. Kahawa mbivu haingoji. Ikikaa inaanza kuchacha na ubora unaondoka. Kupima lazima kuendelee, na kwa bahati kupima ni kujumlisha.

Kulipa sivyo. Malipo ya awali yakitolewa Juu na yakatolewa tena Ng'ambo kwa kahawa ile ile, hakuna muungano wa madaftari utakaozirudisha fedha. Tungeweza kuzuia malipo mpaka vituo visikilizane, na kuna wajumbe wa bodi waliotaka hivyo. Nilichowashauri kinatokana na wazo la Patrick O'Neil, aliloliandika mwaka 1986 kwa ajili ya hifadhidata: tenga kiasi mapema. Tuseme kuna milioni 9 za wiki. Kila kituo kinapewa haki ya kutoa milioni 3 na hakiruhusiwi kuvuka hapo, wawe wanasikilizana au la. Mtandao ukiwepo, Kati anaweza kumhamishia Juu milioni 1 ya haki yake: anapunguza kwanza kwenye kitabu chake, ndipo ujumbe unatoka. Ujumbe ukipotea korongoni, milioni hiyo inakuwa haina mwenye kuitumia mpaka mawimbi yarudi, lakini haiwezi kutumika mara mbili. Na kila mkulima ana kituo kimoja cha kulipwa, popote alikopimia. Wapo wanaolalamika kutembea, nawaelewa. Bado naona ni bora kuliko kuwatangazia mwishoni mwa msimu kwamba kuna upungufu.

Wakati wenyewe wa kuungana una fujo yake, nitaupitia haraka. Vituo viwili vilivyokaa kimya vikianza kusikiana, kila redio inataka kumweleza kila mtu kila kitu, na kwenye mawimbi yanayogawanwa wote wakisema kwa pamoja hakuna anayesikika. Mwaka 1999 watafiti wa Taiwani waliliita jambo hilo dhoruba ya matangazo. Tunatumia kanuni ya Trickle, RFC 6206: kila mmoja hutangaza muhtasari wa alichonacho kwa vipindi vinavyorefuka mara mbili kila visipoleta jipya, na akisikia mwenzake amekwishasema yaleyale yeye ananyamaza. Akisikia tofauti, kipindi kinarudi kuwa kifupi mno. Siku tulivu redio zinakaribia kulala, na siku ya muungano zinaamka ndani ya sekunde chache, zikiulizana mistari iliyopungua tu.

Na mawimbi yasipofunguka kabisa, watu wanatembea. Mmoja wa makarani wetu hupanda bodaboda jioni, na tableti yake ikifika kituo cha Ng'ambo inakutana na ya pale na kuyamwaga ya Juu yote. Kwa programu hakuna tofauti kati ya hilo na redio, ni muungano wa nodi mbili uliochukua saa tatu kufika. Mradi wa DakNet ulifanya hivyo kwa mabasi ya vijijini India na kwa pikipiki Kambodia mwanzoni mwa miaka ya 2000. Hapo jirani Kenya, watafiti wa chuo kikuu cha Princeton, Marekani, waliwavalisha pundamilia kola mwaka 2004, kila kola ikimpa mwenzake kumbukumbu wanyama wanapokutana, ili mtafiti akimpata pundamilia mmoja apate safari za wengi. Kola zile hazikuwa na mnara wa kuzipangia kazi.

Msimu ujao kinaongezwa kituo cha nne, upande wa Umbwe, na safari hii kazi yangu kubwa ni funguo, zile namba za siri ambazo mashine husainia nazo. Vipande viwili vikikutana, lazima uwe na njia ya kujua kwamba huyu ni mwenzako aliyepotea na si mtu aliyekaa nyuma ya duka na tableti yenye jina la mtandao wenu. Kila mstari wa mzani unasainiwa kwa ufunguo wa kituo kilichouandika, na kila kituo kina orodha ya funguo za wenzake zilizothibitishwa na bodi. Hilo linakwenda vizuri. Linalonisumbua ni wizi. Tableti ya karani ikiibwa, Kati anaufuta ufunguo wake mara moja, lakini Juu aliyetengwa na mvua anaendelea kuuamini mpaka apate habari. Mistari itakayoingia kwa ufunguo huo katika muda ule siwezi kuikubali na siwezi kuitupa, maana karani mwenyewe anaweza kuwa alipima kahawa halali asubuhi kabla ya kuibiwa. Tumekubaliana na mzee kwamba itawekwa kwenye ukurasa wake, haitalipwa, na kamati itaisoma mbele ya wakulima wanaotajwa humo wakiwa na stakabadhi zao za karatasi mkononi. Stakabadhi hizo sasa zitachapwa namba ya kituo na namba ya mstari, ili zilinganishwe na kilichomo kwenye tableti hata kama tableti haipo tena.